Mikono ya Nevena

Saa moja asubuhi, Jumatatu ya pili ya Machi, kikombe cha kahawa kiligongana na kisahani chake mara kadhaa kabla ya kutulia mezani. Metodi alikisikia kabla ya kukiona. Alikuwa amempa mkewe mgongo, anakata mkate, na mwanzoni alidhani ni lori, maana nyumba ile ya zamani ilikuwa na tabia ya kutikisika kila malori yalipopita mji wa Vidin kuelekea darajani. Akageuka. Hakukuwa na lori. Nevena alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa kugusa peremende.

"Tangu lini?" akauliza.

"Kata mkate."

"Nevena. Tangu lini?"

"Kama wiki hivi. Umeridhika, bwana mpimaji?"

Mpimaji alikuwa kweli. Kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yake ilikuwa kupima mito, na tangu vuli iliyopita alisoma kina cha mto Danube katika kituo cha bandarini na kupeleka tarakimu Sofia. Mto ukianza kupanda, wenyeji walimpigia simu yeye kabla ya kumpigia meya. Nevena alikuwa mcheza vikaragosi katika ukumbi wa watoto wa mji, na mikono aliyoikalia ndiyo iliyokuwa ikimlisha tangu akiwa msichana.

"Jana nilikuwa na mfalme," akasema, macho yake yakiwa dirishani. "Yule wa nyuzi. Ainuke kwenye kiti, basi, hana kingine cha kufanya. Akainuka anatetemeka kuanzia taji mpaka viatu. Watoto wakacheka mpaka wengine wakaanguka vitini. Ognyan akanijia baadaye, akanibusu kwenye paji la uso, akaniambia, umemzeesha vizuri sana, tuache hivyo hivyo."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia asante. Ningemwambia nini? Mwongozaji wangu ananisifu kwa kitu ambacho sikukifanya."

Mama yake Metodi, Tsona, aliingia na bakuli la maharage aliyoyaroweka tangu jana. Alikuwa na miaka sabini na tisa na masikio yasiyokosa neno.

"Anatetemeka kwa njaa huyo," akasema. "Kwaresima imemkausha."

"Mama, mimi sifungi."

"Hufungi, lakini unakula kwa anayefunga. Tangu lini mboga ya majani ikamshibisha mtu? Lingekuwepo pipa la kabichi ningekupa glasi ya maji ya kabichi, ungetulia sasa hivi. Lakini ndiyo hivyo, pipa limekwisha."

Nevena alicheka, akatoa mkono mmoja chini ya paja na kumshika mkwewe kiganja. Kisha akasema alichokuwa amekikusudia tangu alipoamka.

"Nataka kuacha lithiamu."

Metodi aliweka kisu chini.

Miaka tisa nyuma, walipokuwa bado wanakaa Sofia, Nevena alikaa siku sita bila kulala. Aliagiza lori zima la mbao laini ya mlindeni, likamwagwa mbele ya jengo lao, akaanza kuchonga vichwa vya vikaragosi kwenye ngazi, kimoja baada ya kingine, akizungumza na kila jirani aliyempita na kumgawia kichwa. Baadhi ya vichwa vile vilikuwa vizuri kuliko chochote alichokichonga kabla au baada. Kufikia vuli alikuwa amelala akitazama ukuta, na Metodi ndiye aliyemchana nywele kwa miezi mitano. Madaktari waliuita ugonjwa huo baipola. Walijaribu dawa ya kwanza, ikamnenepesha bila kumtuliza. Wakajaribu ya pili, ikampa upele mwili mzima. Ya tatu ilikuwa lithiamu. Tangu aanze kuimeza, hakupanda wala hakushuka tena, zaidi ya mtu yeyote mwingine anavyopanda na kushuka.

"Sina hamu na yule Nevena wa lori la mbao," akasema sasa, kama aliyemsoma mumewe usoni. "Ila alikuwa na mikono. Nitafanya nini na akili iliyotulia kama sina mikono? Nikakate tiketi mlangoni?"

"Nenda ukapimwe damu kwanza."

"Nilipimwa Januari."

"Januari ilikuwa chini, Daktari Hranova akakuongezea kidonge. Tangu hapo hatujui iko wapi. Pima. Majibu yakija sawa, na mikono bado inatetemeka, acha. Sitasema neno."

Nevena akamgeukia. "Hata nikinunua mbao?"

"Ukinunua mbao nitasema."

"Basi tumekubaliana," akasema. Tsona, ambaye hakuulizwa, alisema kwamba hakukubaliana na lolote, akaenda kuyaweka maharage motoni.

Metodi alitoka kwenda kazini akijua kwamba ametoa ahadi mbaya. Majibu kuwa sawa na mikono kuendelea kutetemeka ni jambo lililowezekana kabisa. Lithiamu huwafanyia hivyo watu wengi, hata ikiwa katika kiwango chake. Alikuwa amesoma. Lakini alijua pia kwamba mkewe hangekubali sharti gumu kuliko hilo, na ahadi ya kumbembeleza haikuwa na thamani yoyote kwake.

Jumanne asubuhi, kabla ya kumeza kidonge, Nevena alitolewa damu. Mchana Daktari Hranova alipiga simu mwenyewe, akamwambia asimeze kidonge kingine chochote na aje mara moja. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mkuu wa stesheni, na walikuwa wakienda kwake tangu walipohamia Vidin vuli iliyopita, baada ya baba yake Metodi kufariki na Tsona kubaki peke yake katika nyumba ya ghorofa mbili.

"Moja nukta tatu nne," akasema. "Januari ilikuwa nukta nne. Tunataka ikae kati ya nukta sita na nukta nane. Gusa pua yako, kisha kidole changu. Tena. Sasa tembea kwenye mstari huu wa vigae, kisigino mbele ya kidole."

Nevena aligusa pua, akakikosa kidogo kidole cha daktari, akatembea. "Nikianguka mnanidaka au mnaandika?" akauliza.

"Tunaandika kwanza," akajibu daktari, akamshika kiwiko. "Kaa. Umetapika? Umeharisha? Dawa za maumivu?"

"Hapana. Kichefuchefu tu asubuhi."

"Dawa mpya yoyote? Ya presha, ya mafua?"

"Hapana."

"Unakunywa maji? Chakula kimebadilika?"

"Mama mkwe anafunga Kwaresima, lakini mimi nakula jibini langu kazini."

"Chumvi? Umepunguza chumvi?"

"Sina cha kupunguza, daktari. Nilikuambia Januari, nyumbani kwetu hakuna chumvi. Mama ana presha, anapika kama hospitali."

Daktari alimtazama Metodi, naye akathibitisha. Kila neno lilikuwa kweli. Kikopo cha chumvi kilikuwa juu ya kabati tangu mwaka juzi na kilikuwa na vumbi.

"Figo ziko sawa," akasema Hranova, akigeuza karatasi ya maabara. "Kidonge kimoja nilichokuongezea hakiwezi kukupandisha kiasi hiki. Kwa hiyo kuna sababu, na siioni. Leo na kesho usimeze, unywe maji ya kutosha. Ukitapika au ukianza kulewalewa, hospitali hapo hapo. Keshokutwa tunapima tena." Akaiweka karatasi mezani. "Nikwambie ukweli, Bi Nevena. Dawa inayopanda bila sababu siwezi kumwachia mgonjwa aende nayo nyumbani. Nisipojua ni nini kilichoipandisha, nitaiondoa na tutatafuta nyingine."

"Nyingine tulishatafuta," akasema Metodi.

"Nimesoma faili."

Njiani kurudi walipita kando ya mto. Ukungu ulikuwa umeufuta upande wa Romania, na Nevena alitembea ameshikilia mkono wa mumewe, si kwa mapenzi peke yake.

"Sasa umepata kazi," akamwambia. "Mpaka keshokutwa uitafute sababu."

"Unataka niipate?"

Wakafika kwenye kona ya duka la mikate. "Ukiikosa, nitalala usingizi mzuri tu," akasema. "Nitakuwa nimeacha bila ya mimi kuacha. Kila mtu atanihurumia." Kisha akaongeza, "Itafute. Lakini usinitazame hivyo, kama daraja lenye ufa."

Usiku ule Metodi alilala kama kawaida, kwa sababu hakuwa na takwimu mpya za kufikiria.

Sababu ilimjia Jumatano asubuhi, na ilitoka kwa mtu ambaye hakuwa akiitafuta. Kila siku kabla ya kwenda kazini alimpima mama yake presha. Tsona alinyoosha mkono juu ya meza, ile mashine ndogo ikanguruma na kuachia pumzi.

"Mia na thelathini na sita," akasema Metodi.

"Umeona," akasema Tsona. "Kitunguu saumu. Punje mbili kila asubuhi, na sala. Yule daktari wenu mtoto wa zahanati alitaka kuniongezea vidonge, nikamwambia ngoja Kwaresima ifike."

"Majira ya baridi yote ulikuwa mia na sitini na kitu. Mara moja mia na sabini na mbili."

"Ndiyo nikasema. Kitunguu saumu."

"Kitunguu saumu unakula tangu nikiwa shule, mama."

"Basi ni sala."

Metodi alianza kukunja mkanda wa mashine, akaacha. Wanawake wawili katika nyumba moja. Mmoja presha yake imeshuka, mwingine lithiamu yake imepanda, na yote mawili yameanza karibu wakati mmoja. Katika kazi yake, vituo viwili vikibadilika siku moja, mtu haanzi kukagua vituo. Anafuata mto kuelekea chanzo chake kutazama kilichotokea huko. Akajiuliza ni kitu gani wote wawili walikuwa nacho majira ya baridi na sasa hawanacho. Alilitazama jiko, akatazama dirishani. Uani, karibu na mti wa mplamu, pipa la kabichi lilikuwa limelala kifudifudi linakauka.

Alitoka nje akasimama mbele yake bila koti.

Novemba alikuwa ameipima chumvi ya kuchachushia kabichi yeye mwenyewe, kwa mizani ya jikoni, gramu arobaini kwa kila lita ya maji, kama baba yake alivyomfundisha. Walipokuwa Sofia kabichi walinunua dukani, katika mfuko, na maji yake yalikwenda kwenye sinki. Hapa kulikuwa na pipa halisi chini ya nyumba, lenye mahindi na kipande cha bitiruti ndani ili maji yawe na rangi ya waridi. Kila baada ya siku tatu aliyafungulia bombani chini na kuyamimina tena juu, na kila asubuhi alipandisha jagi. Mama yake alikunywa glasi moja. Nevena, ambaye hakuwa amekulia na pipa, aliyapenda kama mtu aliyegundua kitu ambacho dunia nzima ilimficha. Alikunywa glasi mbili kubwa, wakati mwingine akarudi kwa ya tatu. Siku ya kuingia Kwaresima kabichi ilikuwa imelegea kwa joto. Tsona akalimwaga pipa.

Na nyumba ile haikuwa na chumvi. Metodi alikuwa amelithibitisha hilo mbele ya daktari kwa sauti yake mwenyewe. Hakuna mtu katika mji huu ambaye angeyaita maji ya kabichi chumvi. Hayakuwa chakula wala kinywaji. Yalikuwa maji ya kabichi, watu waliyanywa yawasafishe tumbo, na wazee wenye presha waliyanywa kama dawa ya presha.

Nevena alimkuta pale uani akiwa amechutama mbele ya pipa.

"Unasali?" akauliza. Alikuwa amejifunika blanketi la kitandani.

"Nusu lita kwa siku," akasema Metodi. "Ukiondoa chumvi iliyoingia kwenye kabichi, hiyo ni gramu kumi, pengine kumi na tatu. Kila siku, miezi mitatu."

"Niambie kama mtu."

Akamwambia. Figo hazitofautishi sana chumvi na lithiamu. Chumvi ikiwa tele, figo zinazitoa zote mbili pamoja. Majira ya baridi maji ya kabichi yalikuwa yakiiosha dawa nje ya mwili wake. Ndiyo maana Januari ilipimwa chini, daktari akaongeza. Kisha pipa likaisha. Figo zikaanza kuishikilia kila chembe ya chumvi iliyobaki, na zikashikilia lithiamu pamoja nayo, na kidonge cha nyongeza juu yake.

Nevena alisikiliza mpaka mwisho. Upepo ulilipeperusha blanketi naye akajaribu kulikamata, na vidole vyake vikalikosa mara ya kwanza.

"Na jagi ulikuwa unaniletea wewe," akasema.

"Mimi."

"Kitandani. Siku za theluji uliniletea mpaka kitandani."

"Ndiyo."

"Metodi, hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote ulivyonifanyia msimu mzima." Akachutama kando yake, bega kwa bega, akamtupia upande mmoja wa blanketi. "Na kumbe ulikuwa unanitia sumu."

"Hapana. Nilikuwa nakuondolea dawa. Kilichokutia sumu ni kuacha."

"Wewe hata ukiomba msamaha unasahihisha."

Dirisha la jikoni likafunguka. "Mnafanya nini na pipa langu?" akauliza Tsona.

Walipomweleza, alikaa kwenye kiti cha jikoni. Kisha akauliza swali moja: kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa akinywa presha yake kila asubuhi? Metodi akasema ndiyo. Kabichi yangu ingemwua Nevena wangu, akasema Tsona, na machozi yakaanza kumtoka. Nevena akamzunguka kwa mikono yote miwili.

"Hajafa mtu, mama. Kabichi yako ina nguvu tu kuliko daktari."

"Ina nguvu kweli," akasema Tsona, akajifuta. "Nilitia na majani ya mcheri."

Alhamisi Daktari Hranova alisikiliza maelezo ya Metodi akiwa amesimama, na alipofika kwenye glasi ya tatu akakaa. Aliuliza kipimo cha chumvi, akauliza pipa lilimwagwa siku gani, akaandika vyote viwili.

"Miaka kumi na tisa nawauliza watu kuhusu chumvi," akasema. "Na kwangu nyumbani pipa liko chini ya ngazi." Kisha akageukia majibu mapya. Nukta tisa. "Inashuka. Sababu tunayo, kwa hiyo sina haja ya kukuondolea. Ningekurudisha kwenye vidonge vitatu kwa siku, kama zamani, na chumvi iwe ile ile mwaka mzima. Kidogo kila siku, bila kuruka. Baridi ijayo maji ya kabichi ama kiasi kile kile kila siku, ama hakuna kabisa."

"Nani anakunywa maji ya pipa mwezi wa saba?" akauliza Nevena.

"Basi hakuna kabisa."

"Kabichi yenyewe je?"

"Kabichi kula, kiasi. Lakini kwanza nataka kusikia kama utavimeza. Bwana Metodi ameniambia mlikuwa na makubaliano."

Nevena alimgeukia mumewe, si kwa hasira kamili.

"Aliuliza kama kuna jambo jingine ninalolijua," akasema Metodi. "Nilikuwa nalijua."

"Makubaliano yalikuwa kwamba majibu yakiwa sawa na mikono ikitetemeka, naacha," akasema Nevena. "Majibu hayajawa sawa bado. Nipe wiki moja na vidonge vitatu, daktari. Baada ya hapo mikono yenyewe itasema."

"Wiki moja," akasema Hranova.

Wiki ile Metodi hakuuliza kitu. Ilimgharimu. Alikuwa na swali moja tu, na mkewe alikuwa akilibeba huku na huko mbele ya macho yake: akimwaga chai, akifunga vifungo, akitia uzi kwenye sindano huku amempa mgongo. Alitazama visigino vyake badala ya vidole. Tsona alitoa kikopo cha chumvi juu ya kabati, akakifuta vumbi, na kila mlo akaweka kijiko kimoja kidogo kando ya sahani ya Nevena na kando ya sahani yake mwenyewe hakuweka kitu. "Kila mtu na dini yake," akasema.

Jumapili kulikuwa na onyesho la asubuhi. Metodi alikwenda, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akakaa safu ya nyuma kati ya akina nyanya. Alipotoka, Ognyan alikuwa mlangoni anavuta sigara.

"Mkeo ameniharibia mfalme," akasema mwongozaji. "Anasimama kama askari. Nilimzoea yule mzee."

"Mwambie yeye."

"Nimemwambia. Amenitukana." Ognyan akatabasamu, akamgawia sigara ambayo Metodi hakuivuta.

Alhamisi iliyofuata, saa mbili asubuhi, muuguzi alimtoa Nevena damu. Walisubiri katika korido kwa sababu Nevena hakutaka kwenda nyumbani na kurudi. Saa nne na dakika chache Daktari Hranova alifungua mlango akasema nukta sita nane, kisha akaurudisha mlango na kuwaacha wawili hao peke yao.

Metodi alitazama vigae.

"Uliza basi," akasema Nevena. "Utapasuka."

"Utaendelea na dawa?"

"Unajua ni nini kilichoniudhi? Wiki nzima hukuniuliza. Nilikuwa nimeandaa jibu refu, zuri, na sikupata mahali pa kulitumia."

"Litumie sasa."

"Limepita wakati wake." Akafungua mkoba, akatoa chupa ya vidonge, akaondoa kimoja, cha asubuhi, ambacho hakukimeza kwa ajili ya kipimo. "Una maji?"

Alikuwa nayo. Nevena alimeza kidonge, akamrudishia chupa ya maji, akamfunga mumewe kifungo cha juu cha koti, na akateremka ngazi kwenda mazoezini.